Msala wa Bi Mize

Hapo zamani, wakati mikeka ya plastiki haijajulikana na kila nyumba inakalia kazi ya mikono yake, palikuwa na mji mdogo uitwao Mkindini. Uliitwa hivyo kwa sababu mikindu ilikuwa mingi kuliko watu. Wanawake wa mji ule walikata ukindu, wakauanika juani, wakauchemsha kwenye rangi, wakausuka ukili, na ukili wakaushona mikeka na misala. Msichana wa Mkindini alijua kusuka kabla hajajua kupika.

Walikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote, lakini kila mama alimwambia bintiye: sufuria ya rangi haiachwi. Ukishaiteleka mafigani unakaa nayo mpaka uiepue. Ukiitwa, huendi. Mvua ikinyesha, unajifunika kanga. Sufuria ya rangi haiachwi, kwa kuwa uani ni pa wote, na watoto hucheza uani.

Walikuwa na desturi moja pia. Mwanamke akitaka kwenda Hija, huzunguka mji mzima nyumba kwa nyumba. Hubisha hodi, huvua viatu, huketi, husema, "Nimekuja kutaka radhi." Mwenye nyumba hujibu, "Nimekusamehe, nawe nisamehe." Kisha siku ya kuondoka msafiri huacha msala mmoja alioushona kwa mkono wake. Humwachia yule aliyemsamehe msamaha mkubwa kuliko wote. Yule huswalia juu ya msala ule na kumwombea dua mpaka arudi, na asiporudi msala ni wake. Msala wa radhi ni mmoja. Haugawanywi na hauendi kwa zamu. Aliyepewa alitajwa kwa heshima hata baada ya kufa, na wajukuu zake walisema, "Bibi yetu ndiye aliyeachiwa msala."

Basi katika mji huo alikuwako mjane mmoja, Bi Mize, msukaji hodari. Miaka aliyosuka ni mingi, na kila msala aliouza aliweka kidogo kwa ajili ya Makka. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Raya, mjane mwenzake na shoga yake tangu usichana. Bi Raya alikuwa na mabinti wawili, Shemsa mkubwa na Riziki mdogo.

Riziki alikuwa na mkono wa kulia usiofaa. Vidole vyake viliungana kama kidole kimoja, ngozi imekunjika mpaka kwenye kiwiko. Na mkono ule ulikuwa na hadithi yake, ambayo mji mzima uliijua, ila uliijua vibaya.

Miaka kumi na minane nyuma, Riziki akiwa wa miaka minne na Shemsa wa miaka tisa, Bi Mize aliteleka sufuria ya rangi nyekundu uani. Sufuria ikachemka. Mara zikasikika ngoma, bibi arusi anapitishwa njia ya juu. Bi Mize akasema moyoni, nikamtupie jicho mara moja tu. Akaenda mpaka pembeni mwa nyumba. Akatazama kanga za bibi arusi, akatazama hina yake, na aliposikia kilio, Riziki alikuwa ameshautumbukiza mkono sufuriani.

Bi Raya akaja mbio. Akamwona mtoto, akamwona Bi Mize, akauliza, "Nani alikuwa naye?" Bi Mize akafungua kinywa. Ulimi ukatoka na maneno matatu ambayo hakuyapanga.

"Nilimwambia Shemsa amwangalie."

Maneno matatu. Shemsa wakati ule alikuwa kisimani akiteka maji, wala hakuambiwa chochote na mtu. Lakini maneno matatu ya mtu mzima yana uzito kuliko kiapo cha mtoto. Jioni ile Shemsa alipigwa mwiko mikononi mpaka mwiko ukavunjika. Akaitwa mzembe, na watoto wenzake wakambandika jina: Mlinzi. "Mlinzi anapita," wakasema, wakicheka. Jina likakua naye. Alipoolewa lilimfuata. Alipozaa, mama yake mzazi alimwambia mbele ya wanawake waliokuja kumpongeza, "Huyu mwangalie kwa macho yote mawili, si unajijua." Mama wa Mkindini akiwa na safari hakumwachia Shemsa mtoto wake, isipokuwa mmoja tu. Bi Mize aliwapeleka wajukuu zake wote kwa Shemsa, na watu wakasema Bi Mize ana moyo mzuri.

Naye Bi Mize alijua moyo wake una nini. Alimpaka Riziki asali mkononi siku arubaini. Karamuni alikaa karibu naye kila mara, kwa kuwa mtoto yule alikuwa akila kwa mkono wa kushoto na watu walikuwa wakimkodolea macho. Bi Mize alimchambulia samaki miiba, akamsogezea, akamziba kwa kanga yake asionekane. Ukindu wa sufuria ile hakuuza. Aliusuka ukili, akauviringa, akauweka darini. Kila akipanda dari aliuona.

Hatimaye safari ikawadia. Siku ya Jumatatu Bi Mize akazunguka mji kutaka radhi. Kwa Bi Raya akabisha hodi, akavua viatu, akaketi, akasema, "Nimekuja kutaka radhi."

Bi Raya akacheka. Akamwambia amemsamehe moshi wa miaka thelathini, na kuku waliokula mchele wake, na kile kinu alichoazima kikarudi na ufa. "Nimekusamehe yote, shoga. Nenda ukaniombee magoti yangu."

Kwa Shemsa akaambiwa nimekusamehe. Kwa Riziki akaambiwa nimekusamehe. Akarudi nyumbani na radhi za mji mzima, na kifua kizito kuliko alipotoka.

Jumatano akamwendea Maalim Shaame, aliyekuwa akisomesha msikitini. Akamuuliza: mtu akisamehewa jambo ambalo hakulitaja, amesamehewa?

Maalim hakumuuliza ni jambo gani. Huo nao ulikuwa wema wake. Alifikiri kidogo, akamjibu, "Lililo baina yako na Mola wako, Mola analijua bila kuambiwa, na Yeye ni mwingi wa kusamehe. Lakini haki ya mja iko mkononi mwa mja. Ukimwambia mtu nipe kilichofungwa kitambaani, akasema chukua, naye hajui mna nini, amekupa nini?"

Bi Mize akarudi. Akapanda darini, akauteremsha ule ukili mwekundu. Akaushona msala siku ile na asubuhi ya pili yake, bila kuinua kichwa. Msafara wa mahujaji ulikuwa uondoke Ijumaa baada ya swala. Akajiambia, nisiposamehewa hili kwa jina lake, siendi. Nitakwendaje kusimama Arafa nikiwa nimebeba mkono wa mtoto na jina la mtoto?

Alhamisi, baada ya adhuhuri, akatoka.

Akaenda kwa Riziki kwanza. Riziki hakuweza kusuka, kwa hiyo alisoma, na sasa alikuwa mwalimu wa chuo, akifundisha watoto alifu na bee kwenye ukumbi wa nyumba ya mama yake. Alikuwa hajaolewa. Watu wawili walishakuja kumposa, na wote wawili mama zao walipouona mkono walikumbuka shughuli nyumbani.

Bi Mize akabisha hodi, akavua viatu, akaketi. Akasema yote: ngoma, bibi arusi, sufuria, maneno matatu. Alisema akitazama mkeka.

Hakuwa amemaliza Riziki alipomshika bega kwa mkono ule ule mbovu.

"Bi Mize, nimekusamehe. Mimi maji ya moto siyakumbuki. Nakumbuka asali. Na mkono huu nao umenifaa, toka nizaliwe hakuna aliyenituma kutwanga." Kisha kicheko kikamwisha. "Lakini mkono ndio wangu. La dada si langu. Hilo siwezi kukusamehe kwa niaba yake."

Bi Mize akaenda kwa Shemsa. Akabisha hodi, akavua viatu, akaketi. Shemsa alikuwa akimlisha mwanawe mdogo uji. Bi Mize akasema yote. Shemsa hakuacha kulisha. Alikwangua uji kidevuni mwa mtoto kwa kijiko, akaurudisha kinywani, taratibu, mpaka bakuli likaisha.

"Nilikuwa kisimani, Bi Mize," akasema. "Ulidhani sijui kwamba sikuambiwa? Nimelijua tangu siku ile."

Bi Mize akamuuliza kwa nini hakusema.

Shemsa akamweleza kwamba alisema, jioni ile ile, na mwiko ukamvunjikia kwa kusema. Akanyamaza miaka. Alipofika miaka kumi na mitano akaapa atalisema mbele ya watu, kwenye harusi ya binti wa Bi Mize, amwaibishe kama alivyoaibishwa yeye. Akavaa, akaenda, akasimama mlangoni. Akamwona Bi Mize, mama wa harusi, mwenye wageni mia, amechutama pembeni anamchambulia Riziki samaki.

"Nikarudi nyumbani. Siku ile nikaliacha. Ila usidhani niliacha mara moja likaisha. Mtu akiniita Mlinzi linarudi. Basi kila Ijumaa baada ya swala nasema, Mola wangu, nimemsamehe Bi Mize. Na Ijumaa ya pili nasema tena."

Bi Mize alilia mpaka mtoto akaanza kulia naye. Shemsa akawabembeleza wote wawili.

Ikabaki nyumba moja. Jua lilikuwa limekwisha kupinda na Bi Raya alikuwa uani akichambua ukindu. Bi Mize akabisha hodi, akavua viatu, akaketi. Akasema yote.

Bi Raya hakupiga kelele. Aliuweka chini ukindu. Akajitazama kiganja cha kulia, akakigeuza, akakitazama tena.

"Nilimpiga kwa mkono huu," akasema. "Alikuwa akiniambia, mama nilikuwa kisimani, mama nilikuwa kisimani, nami nampiga kwa kuwa anaongopa. Ulikuwa umesimama pale, Mize. Ulisikia."

"Nilisikia."

"Na ule msamaha wa Jumatatu niliutoa kwa moshi wako na kuku wako. Hili sijalitoa. Simama, vaa viatu vyako."

Mlango ukafungwa. Ukuta ule ule mmoja, na Bi Mize akauzunguka kama mtu anayetembea nchi ngeni. Alipofika kwake aliufungua mzigo wake wa safari. Akatoa shuka nyeupe, akatoa tende, akatoa kopo la kunywea maji, akaviweka kila kimoja mahali pake pa siku zote. Akasema, haya ndiyo malipo yangu na ni haki. Miaka yote ya kuweka akiba, na safari imekwama kwenye ukuta wa jirani.

Ijumaa kukapambazuka. Mahujaji wakaanza kukusanyika mbele ya msikiti, na mji mzima ukatoka kuwaaga. Bi Mize alikaa kwake, mlango umerudishwa. Ikaswaliwa Ijumaa. Ndipo mlango ukasukumwa bila hodi, akaingia Bi Raya. Kanga yake imevaliwa upande, macho mekundu.

Alisimulia akiwa amesimama. Asubuhi alikwenda kwa Shemsa. Alitaka kuanguka miguuni pa mwanawe, mwanawe akamwahi, akamshika mikono. Alimwomba radhi ya mwiko, na ya yale maneno mbele ya wanawake, na ya miaka kumi na minane. Na Shemsa alimwambia, "Mama, hilo lilikwisha zamani, wewe tu hukuwa na habari," kisha akambusu mkono ule ule uliompiga.

"Sasa nisikilize, Mize," akasema Bi Raya. "Mimi si Riziki, moyo wangu si mwepesi. Mimi si Shemsa, sina subira yake. Mimi nachemka. Hivi nikikutazama nachemka kama ile sufuria yako. Lakini najua nikikataa, huendi. Mola amenipa uwezo wa kukuzuia na sitautumia. Nimekusamehe kila jambo kwa jina lake: nimekusamehe mkono wa Riziki, nimekusamehe jina la Shemsa, nimekusamehe kwamba nilikuamini ukanidanganya. Nimesamehe nikiwa nachemka. Kupoa nitapoa mwenyewe. Mzigo uko wapi?"

Bi Raya akaiona shuka, akaikunja. Akaziona tende, akazifunga. Akafunga mzigo kwa fundo lake mwenyewe, fundo la hasira ambalo huko njiani litamtoa mtu kucha, akachomeka na mkate wa mofa aliokuja nao chini ya kanga. Kisha akamshika mkono wakatoka.

Mbele ya msikiti watu walikuwa wamejaa. Bi Mize, kabla ya kumuaga yeyote, alisema kosa lake kwa sauti, ili jina la Mlinzi life siku ile pale alipokuwapo kila aliyelitumia. Wapo waliotazama chini. Mama mmoja aliyekuwa na mwanawe mgongoni alikwenda moja kwa moja kwa Shemsa, akamfungua mtoto, akampa amshike.

Kisha Bi Mize akautoa msala. Ulikuwa mwekundu, wekundu wa sufuria ile, ukili mwembamba sawasawa, na watu wakaujua papo hapo ni ukindu gani.

Akamnyooshea Bi Raya kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa. Bi Raya akarudi nyuma, akaficha mikono mgongoni.

"Mimi nilifunga mlango," akasema. "Nilikulaza usiku mzima hujui kama utakwenda. Na mimi mwenyewe nilikuwa na langu la kusamehewa. Nilipopewa ndipo nikatoa. Mpe Riziki. Ndiye aliyeungua. Ndiye anayekula kwa kushoto na kukosa mume, na alisamehe kabla hujamaliza kusema. Hakukulaza hata dakika."

Bi Mize akamgeukia Riziki. Riziki naye akaficha mikono mgongoni, ule mzima na ule mbovu.

"Mimi nilisamehe jambo nisilolikumbuka," akasema. "Ilikuwa rahisi kama kumpa mtu maji. Mpe dada. Yeye alisamehe na hakuombwa. Alisamehe na jina linaendelea kumpiga. Mimi nimesamehe mara moja, yeye amesamehe Ijumaa zote hizi, na siri yako akaisitiri."

Bi Mize akamgeukia Shemsa. Shemsa alikuwa amemshika mtoto wa mwenzake, mikono haina nafasi, akacheka kwa hilo. Kisha akawa hacheki tena.

"Mimi nilisamehe kimya kimya," akasema. "Hukunufaika na msamaha huo, Bi Mize, ulibeba mzigo miaka yote hii na mimi ninao ufunguo. Na mama nilimwacha kwenye kosa lake, akazeeka nalo. Tena nilikuwa na muda, Ijumaa hata Ijumaa. Mama alipewa siku moja tu. Jeraha lake ni la jana, bado linatoka damu, na juu ya damu hiyo amekufungia mzigo. Mpe mama."

Watu wakaanza kugawanyika. Mzee mmoja akasema aliyesamehe moyo ukiwa bado una moto ndiye aliyebeba kizito. Mkewe akamwambia anyamaze, yeye mwenyewe hajamsamehe shemeji yake tangu mwaka wa njaa. Wengine wakasema aliyesamehe haraka ndiye anayefanana na rehema yenyewe, maana rehema haingoji. Wengine wakamtaja Shemsa, kwamba aliyesitiri aibu ya mwenziwe na yake mwenyewe ikiwa wazi hana mfano. Maalim Shaame akaulizwa. Akasema kupima mioyo si kazi yake, yeye ataitikia amina kwa yeyote atakayepewa.

Huko mbele mahujaji wakaanza kutembea. Mmoja akaita, "Bi Mize, tunakuacha."

Bi Mize akasimama katikati na msala mikononi. Mbele yake mkono ulioungua, mkono uliopiga, na mkono uliopigwa, na hakuna hata mmoja ulionyooka kupokea. Alitazama mmoja, akatazama wa pili, akatazama wa tatu. Msala ni mmoja. Haugawanywi na hauendi kwa zamu, na msafara haungoji.

Basi nyinyi mnaosikiliza, mliosamehe na mliosamehewa, msala huo mwekundu uko mapajani mwenu. Yuko aliyesamehe upesi, mwili wake ukiwa ndio ulioungua. Yuko aliyesamehe kimya, kila Ijumaa, bila kuombwa. Yuko aliyesamehe akiwa bado anachemka, na akafunga mzigo kwa mkono wake.

Je, nani alistahili?